Kiwanda Kimefufuka Bila Idhini ya Kamati

Kwa Msimamizi wa Mji,
Kamwathi.

Ndugu Msimamizi,

Natumai barua hii inakukuta umeshakunywa chai, kwa sababu ni ndefu kidogo. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na nina tabia ya kueleza jambo mpaka lieleweke.

Mimi ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Kufufua Kiwanda cha Mbao. Kiwanda kilipofungwa, baada ya serikali kuzuia ukataji wa miti msituni, wanaume watano tuliungana kukidai. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Kila Alhamisi tumeketi kwenye benchi nje ya lango, tukafungua kwa maombi, tukasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, tukakubaliana kwamba hali ni mbaya, tukafunga kwa maombi. Kumbukumbu hazikutupa shida. Tulibadilisha tarehe tu.

Sasa kiwanda kimefufuka. Vijana wa hapa, wakiongozwa na binti anayeitwa Makandi, wamekikodi na wanatengeneza vitanda, madawati na mizinga ya nyuki kwa miti iliyopandwa mashambani. Mji umepata hoteli tatu, kinyozi, na duka la misumari peke yake. Tumeumia sana, na sababu zetu ni hizi:

1. Hatukuulizwa. Kiwanda chenye kamati ya kukifufua hakiwezi kufufuliwa bila kupitia kamati hiyo. Na tulikuwa tumefika mbali. Tulishakubaliana kutuma wajumbe Meru, ila hatukuwa tumeamua nani atakaa kiti cha mbele kwenye gari.

2. Lango liko wazi. Mtu anaweza kulalamika mbele ya lango lenye kufuli, kwa sababu kufuli husikiliza. Lakini likiwa wazi, unapoanza tu kusikitika, mtu anapita na kusema, "Karibuni ndani, wazee!" Juzi katibu wetu Misheck, aliyekuwa karani wa stoo ya kiwanda, alikuwa katikati ya hoja nzito, dereva akatoa kichwa dirishani, akatuita babu kwa lugha ya nyumbani: "Guka, songeni kidogo, lori ipite!" Tukasonga. Lori likapita. Misheck hakukumbuka tena alikuwa anasikitikia nini.

3. Mji umekosa huruma. Zamani ukisema mambo ni magumu, kila mtu aliitikia. Nilimwambia kinyozi hivyo, akanijibu, "Magumu wapi, Mwalimu? Kaa hapo, kuna watu wawili mbele yako." Nyumbani ni vivyo hivyo. Mke wangu Marcella huwapikia mafundi githeri saa saba, nami, mume wake wa ndoa ya kanisani, napewa kilichobaki. Jana hakikubaki kitu.

4. Nyasi zilizokuwa ndani ya ua zimefyekwa zote. Hili nalitaja kwa niaba ya mbuzi fulani, ambao si lazima kusema ni wa nani.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lango litapanuliwa, na benchi letu liko pale nguzo mpya itakaposimama. Ndugu Msimamizi, benchi lile lina nafasi tano. Njeru alikaa mwisho, upande wa kushoto, apate kuegemea ukuta. Koome alikaa katikati kwa sababu ndiye aliyekuwa na sauti. Wote wawili tumewazika. Tuliobaki, yaani mimi, Misheck, na Mbae aliyekuwa fundi wa msumeno mkubwa, hatujawahi kusogea kujaza nafasi zao. Mgeni akipita huona wazee watatu wamekaa mbalimbali na kudhani tumegombana. Hatukugombana. Makandi alipokuja kutuuliza benchi lipelekwe wapi, tuliliweka swali lake kwenye ajenda ya Alhamisi. Mahali pengine popote sisi ni wazee watatu tu. Pale ni kamati.

Kwa hivyo tunaomba, kwa heshima, kiwanda kifungwe tena hadi tutakapoomba rasmi kifunguliwe. Hilo likishindikana, kifungwe Alhamisi. Na hata hilo likishindikana, lango litiwe kufuli siku hiyo kuanzia saa nne hadi saa sita, mafundi wafanye kazi ndani kimyakimya, nasi tukae nje tukisikitika kama kawaida.

Utusalimie wote ofisini, hasa yule mama wa mapokezi, ambaye amepokea barua zetu zote bila kucheka mbele yetu. Salamu pia kwa familia yako, na kwa mvua ikifika huko kwanza.

Ni mimi, kwa subira ile ile,

Mwalimu Muthamia (mstaafu),
Mwenyekiti.

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa, na mambo hayakuingoja. Makandi alikuja na mafundi, wakalibeba benchi jinsi lilivyo, wakaliweka ndani karibu na jiko la kukaushia mbao. Tulilifuata, maana ni mali ya kamati. Fundi mmoja alitaka kuketi katikati. Kabla hatujafungua midomo, Makandi akamwambia, "Toka hapo, hapo ni pa mzee Koome." Sijui nani alimwambia. Sasa Mbae anawaonyesha jinsi ya kunoa misumeno, na anawagombeza kwa furaha kubwa. Misheck amerudi stoo. Mimi nawaandikia barua za wateja, ndiyo maana yako ilikatizwa mara kwa mara. Tunakutana kila siku isipokuwa Jumapili. Kwa hivyo tafadhali usikifunge kiwanda, na hasa usikifunge Alhamisi, siku ambayo lori la Embu huja kuchukua vitanda na Marcella hupika chungu cha pili.

Hata hivyo, kamati haiwezi kukaa bila kazi. Kwa kauli moja tumeamua kuanza kusikitikia josho la ng'ombe lililokauka nyuma ya soko. Malalamiko yetu yatakufikia. Tunaomba tu msilitie maji kwa haraka.