Njoo Uchukue Sanduku Lako la Samaki

Rodi Kopany,
6 Desemba 1997

Kwa kaka yangu mpendwa Mirumbe,

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi sita tangu basi lishushe hapa sanduku lako la kioo, limefungwa kwenye blanketi. Si dharau. Nimejaribu kuandika mara nne. Mara tatu mtoto Awino aliamka, mara ya nne nikalala mimi, kalamu mkononi.

Najua mwajiri wako alipokuachia sanduku hilo akirudi kwao ungeweza kuliuza, lakini ukamkumbuka dada yako. Asante. Sasa nakuomba kwa heshima uje ulichukue kabla ya Krismasi. Sababu ni hizi:

1. Karatasi yako ya maagizo ilisema mimea ya majini huhitaji chakula kwenye mizizi. Haikusema chakula gani. Sisi tumelelewa Kegonga, unajua mmea hulishwa nini. Nikaosha mchanga, nikachimba mashimo kwa mistari kama ya mahindi, kila shimo samadi kiganja kimoja, nikapanda majani ya mtoni, nikajaza maji. Siku ya tatu maji yalikuwa mazito kama mrenda, na jirani akauliza kama tumeanza kufuga ng'ombe sebuleni. Nikamwaga vyote, nikaanza upya bila samadi, nikangoja wiki nne maji yatulie. Wiki nne nalea maji, Mirumbe, na mtoto yuko mgongoni!

2. Baba Awino, kwa kunifurahisha, aliniletea ua la gugumaji kutoka Homa Bay. Zuri, la zambarau. Wiki tatu tu likawa na wana na wajukuu, chini giza totoro. Wavuvi wanalia mashua hazipiti, nami nalipanda nyumbani kwa hiari! Nimeling'oa lote nikalianika juani.

3. Wale samaki wanne, ngege, ambao Baba Awino aliwaleta kwa jerikeni ni kama ng'ombe malishoni. Wanakula mimea yangu toka asubuhi, wakishiba wanaifukua. Ng'ombe wa baba walikuwa na adabu: ukiwafukuza, wanatoka shambani.

4. Awino halali tena bila kutazama samaki. Zamani alikuwa halali kabisa, hilo nakubali. Siku hizi nikimlaza mkekani mbele ya kioo macho yanazunguka nao, mara kimya. Lakini je, nikienda kwa mama Kegonga, nibebe sanduku kichwani?

5. Hili ndilo kubwa. Jumatano alifika mama mkwe. Nilikuwa na ugali na sukuma wiki tu. Akala huku ngege wanapita mbele ya sahani yake, kila mmoja urefu wa kiganja. Alipomaliza akasema, "Kumbe kwa mwanangu samaki ndio wageni. Sisi tunaletewa majani." Huku ziwani, kumnyima mgeni samaki anayemwona kwa macho ni uchoyo wa kusimuliwa matangani. Atakaa hadi Krismasi, na siku hiyo ameagiza yule jike mnene. Nikimpika, Awino atalala na nini? Nisipompika, mimi ni mkamwana wa aina gani? Tena jike mwenyewe wiki hii hali kitu, amefumba mdomo kama aliyenuna. Nadhani amesikia.

Basi njoo na blanketi lako. Msalimie shemeji Bonareri na watoto, na yule jirani yenu wa kwaya. Baba Awino hajui nimeandika, kwa hiyo usimjibu yeye.

Ni mimi dada yako, mwenye upendo na usingizi,
Robi

Nyongeza, Jumapili asubuhi: Usije. Yule jike amefungua mdomo mbele yetu, wakatoka watoto kama punje za mchele, zaidi ya thelathini! Kumbe alikuwa amewabeba humo wiki nzima, bila kula. Machozi yalinitoka, Mirumbe, na wala sikuuliza kwa nini. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akasema, "Mzazi hapikwi. Mzazi anapikiwa." Sasa hivi yuko jikoni ananikorogea uji, ati nami ni mzazi, na hakuna aliyenikumbuka.

Kwa hiyo tuma kwa basi: sanduku la pili, hata dogo, mpira wa kunyonyea uchafu, futi sita, wavu mdogo laini, karatasi nyingine ya maagizo, ile Awino ameila, na samaki wa kopo, makopo mawili, kwa Krismasi ya mama mkwe. Hao angalau hatujawahi kuonana nao.