Dishi Nililochomelea Juu ya Coaster

Leo nimeaibika ukweni. Sitaki pole. Nataka tu niseme mwenyewe kabla mashemeji hawajaanza kurusha video kwenye magrupu.

Wengi wenu mnaijua Coaster yangu. Ile ya zamani, niliyong'oa viti nikaweka kitanda, jiko la gesi, kabati la vyombo na mapazia ya maua. Biashara yangu ni mchele na dagaa. Leo niko Kabwe, keshokutwa Kasesya, na nilishachoka kulala gesti zenye kunguni. Nikajitengenezea nyumba inayotembea. Ilibaki kitu kimoja tu, televisheni ya betri ya gari inayoshika popote nitakapoegesha.

Sasa sikilizeni. Paulina, mdogo wake mke wangu, anaolewa mwezi ujao. Baba mkwe akatangaza kwamba mwenyekiti wa kamati ya harusi atakuwa mmoja wa wakwe zake, na wakwe tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu Mwalimu Deo, aliyeoa dada mkubwa. Deo ana pikipiki kuukuu na redio ndogo iliyofungwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Mimi nina nyumba yenye matairi sita. Nikaona hakuna mashindano hapo. (Pale sokoni nilishawaambia watu waanze kuniita Mwenyekiti. Wawili walianza.)

Uamuzi ulikuwa utolewe leo, baada ya mechi ya timu ya taifa na Zambia. Kijijini kwao umeme una wiki haupo, na baba mkwe kwa mpira hana utani. Nikampigia simu juzi. "Baba, Jumapili usihangaike na redio ya Deo. Nakuja na picha."

Akacheka kwa furaha. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Jana asubuhi nikaenda dukani kwa Zuhura, pale mjini. Yule dada anaijua kazi yake. Akanitolea dishi dogo lenye miguu mitatu.

"Kaka, kwa gari chukua hili. Ukifika unaliweka chini, unalizungusha taratibu, likishika unakaza. Ukiondoka unakunja."

"Chini?"

"Ndiyo, chini."

"Zuhura, mimi nina nyumba nzima, dishi likae chini kama sufuria la maji ya kuku?"

"Basi kuna aina nyingine, bapa, inafungwa juu ya gari na inajitafutia mawimbi yenyewe. Hiyo mpaka niagize. Wiki mbili."

"Mechi ni kesho. Halafu hilo bapa, nani ataliona?"

Akaniangalia kidogo. "Kaka, unataka kuangalia televisheni au unataka kuangaliwa?"

(Jibu nilikuwa nalo, ila halisemeki dukani.)

Nikanunua dishi la futi sita. Lile la kwenye mabaa. Zuhura alinifungia waya kama mtu anayemfungia dawa mgonjwa asiyesikia.

Saa tisa Fundi Maiko akaja nyumbani Malangali, akapanda juu ya paa, akapima, akazungusha, na televisheni ikashika. Picha safi, hakuna chenga hata moja. Akachungulia chini.

"Bosi, nikaze kwa bolti ili uwe unalizungusha, au?"

Wenyeji wenzangu mnanielewa. Upepo wetu huu wa mwezi wa saba mnaujua. Dishi la bolti huku Ufipa ni dishi la mgeni. Dishi la kwenye nyumba yangu niliwahi kulikuta limegeuka linatazama chooni. Toka siku hiyo, kwangu kila kitu kinachokaa juu kinachomelewa.

"Chomelea," nikamwambia. "Pande zote."

"Lakini bosi, gari linatembea."

"Kwani mimi sijui kwamba gari linatembea?"

(Sikujua.)

Akachomelea. Alichomelea vizuri, simlaumu. Chuma kile hakitatoka mpaka siku ya kiyama, na hata siku hiyo watahitaji msumeno.

Leo saa sita tukaondoka, mimi na Mama Anita, mke wangu. Njiani nilikuwa mtu mkubwa. Bodaboda walikuwa wanapunguza mwendo kunitazama. Kijiji kimoja tuliposimama kununua mahindi ya kuchoma, mzee akaja dirishani akaniamkua kwa adabu zote, mimi niliye sawa na mwanawe wa mwisho, akaniambia, "Waandishi, mkimaliza huko mnakokwenda, mrudi mtangaze na bomba letu. Mwaka wa pili halitoi maji." Nikamwambia tutalifanyia kazi. Mama Anita akanifinya paja.

"Mungu anakuona," akasema.

Tukafika. Uwanja umejaa. Wajomba, baba wadogo, majirani, watu wamebeba mabenchi kutoka kanisani. Nikashuka nikatoa shikamoo kushoto na kulia. Mama mkwe alikuwa mbali, karibu na ghala, anageuzageuza kimea cha ulezi kilichoanikwa kwenye turubai. Kimea cha pombe ya harusi. Amekilowesha mwenyewe, amekiotesha mwenyewe, alikuwa anamalizia kukikausha. Mama mkwe wangu ni wa heshima za zamani. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Akiwa na neno, analipitishia kwa binti yake, hata kama mimi nimekaa hapo hapo. Kumbukeni hilo.

Nikawapandisha wazee ndani. Baba mkwe nikamkalisha kitandani, katikati, na mito miwili mgongoni. Wajomba wakajipanga kuanzia kwenye jiko la gesi. Kwenye mlango, Mwalimu Deo akasogea na redio yake kwapani.

"Karibu, mwanyumba," nikamwambia kwa sauti. "Ila hiyo redio iache nje, itatuchanganya."

"Haina neno," akasema, akaenda kukaa chini ya ukuta wa ghala. Vijana wachache wakamfuata.

Nikawasha televisheni. Nyeusi. Katikati maandishi meupe kwamba hakuna mawimbi.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya nikachomeka. Nikapiga televisheni kofi dogo la upendo. Hakuna mawimbi. Nje redio ilishaanza kutaja majina ya wachezaji.

Nikampigia Fundi Maiko. Kwa kuhangaika nikabonyeza spika ya nje, sauti ikajaa gari zima.

"Bosi! Vipi, umefika?"

"Maiko, haishiki!"

"Pua ya gari umeitazamisha wapi?"

"Pua inahusiana na nini?"

"Bosi, lile dishi tumelichomelea. Lenyewe haligeuki. Itabidi ugeuze gari mpaka dishi litazame kule lilikokuwa linatazama Malangali."

"Malangali gari lilikuwa limetazama geti la jirani."

"Basi tazamisha hivyo hivyo."

"Huku hakuna geti la jirani!"

"Mimi nilikwambia gari linatembea, bosi. Ukasema unajua."

Mjomba mmoja akakohoa. Baba mkwe akatazama dari. Nikakata simu nikakaa kwenye usukani nikaanza kulizungusha basi uwanjani na wazee wote ndani. Kuku wakakimbia, mbuzi akakata kamba. Baba mdogo, aliyekuwa karibu na televisheni, akajipa kazi ya kutangaza.

"Bado! Bado! Imeshika! Umepita! Rudi nyuma!"

Narudi.

"Imepotea! Mbele! Chenga! Chenga! Jamani si imeshika? Ah, umepita tena!"

Uwanja wenyewe umeinama kama paa. Basi likielekea vizuri, linalala upande, picha inakimbia. Mzunguko wa nne mjomba akaomba kushuka, tumbo limemgeuka. Mzunguko wa sita nikaanza kusali. Dakika zinakwenda, mapumziko yakapita, kipindi cha pili kikaanza, na mimi bado naendesha daladala isiyo na kituo. Nje Deo na watu wake wamekaa wanasikiliza. Kila nikipita, kundi lake limeongezeka.

Mzunguko wa nane nikarudi nyuma taratibu, nikasikia chini pamekuwa tambarare. Na ndani wakalipuka.

"IMESHIKA! Usiguse kitu! Usiguse!"

Nikageuka. Picha kama kioo. Majani ya kijani, jezi zetu, kijana wetu ameuchukua mpira pembeni anaingia ndani ya kumi na nane. Baba mkwe amesimama, mikono kichwani, uso umejaa furaha ya mtoto. Nikajiona nimeshika kipaza sauti cha mwenyekiti.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke, kali, nje ya dirisha langu.

"WEWE! TOA GARI KWENYE KIMEA!"

Mama mkwe. Moja kwa moja. Kwangu. Miaka tisa ameyatunza maneno na hayo ndiyo aliyonichagulia.

Nikatazama kioo cha pembeni. Ile sehemu tambarare ilikuwa turubai.

"Toa!" anapiga bodi la gari.

"Usitoe!" baba mkwe kutoka kitandani. "Anapiga! Huyo anapiga!"

"Nasema toa!"

"Mkwe wangu, nakuomba, usitoe!"

Nani angenipa ushauri? Mama Anita nikamwona nje ameziba uso kwa kanga. Mguu wangu ukaamua wenyewe. Ukakanyaga mafuta.

Basi likaruka mbele. Picha ikakatika mpira ukiwa umeshaachia mguu. Na sekunde ile ile, chini ya ukuta wa ghala, redio ya Deo ikapiga kelele na watu thelathini wakaruka juu.

"GOOOLI!"

Ndani ya Coaster wazee tisa walikuwa wanatazama maandishi meupe. Nyuma yetu turubai lilikuwa limenasa kwenye tairi na tulikuwa tumelikokota uwanja mzima, tunamwaga kimea, na upepo unasaidia.

Baba mkwe akashuka. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Akajifuta suruali, akavuka uwanja, akakaa kwenye benchi karibu na ile redio ya mpira wa baiskeli. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Nikabaki peke yangu na mapazia ya maua. Nawaambia ukweli, nilitaka kulia.

Mechi ikaisha moja bila. Baba mkwe akasimama akasema maneno machache. Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu Deo. Makofi. Na mimi nilipiga, kwa viganja baridi.

Baadaye Deo akanijia. Nilidhani anakuja kunicheka, nikawa nimeshaandaa tusi la kistaarabu. Akaniuliza swali moja.

"Mwanyumba, asubuhi gari likiwa kwako pale Malangali, jua linakupiga wapi?"

"Usoni. Mpaka nashusha kile kikinga jua."

"Basi pua itazame jua linakochomoza. Na isimame pale tambarare, maana kimea hakipo tena."

Akachukua ufunguo, akaegesha mara moja tu, polepole, kama anaandika ubaoni. Televisheni ikashika. Na ikawa ndio kwanza wanarudia lile goli.

Watu wakajaa ndani. Shangwe, vigelegele, baba mkwe amerudi kitandani kwenye mito yake miwili. Nikawa na matumaini kidogo. Nikasogea mlangoni nikiwa na tabasamu la mwenye mali, na Mama Anita akanishika bega.

"Mama anasema," akasema (tumerudi kwenye mawasiliano ya kawaida), "ungo ule pale. Uokote kimea, ukipepete, ukitoe mchanga. Na anasema usijione umeonewa."

Kwa hiyo naandika haya nikiwa nimekaa nje na ungo mapajani. Ulezi, kwa msioujua, punje yake ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nimeshapepeta debe moja la mchanga na nusu kikombe cha kimea. Goli wamelirudia mara tano, mimi bado sijaliona.

Nikasema moyoni, basi, nitamaliza, nitawasha gari langu, nitaondoka na aibu yangu. Baba mkwe akatoka ndani akaja kusimama mbele yangu. Mkononi ana jiwe.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole, "tumekubaliana na mwenyekiti. Gari libaki hapo hapo lilivyo mpaka siku ya harusi. Wageni wapate picha. Ukilisogeza tutalipoteza tena."

"Baba, lakini mimi nalala humo. Ndiyo nyumba yangu ya biashara."

"Tunajua. Tutakutunzia."

Akainama, akaweka jiwe kwenye tairi la mbele. Wajomba wakaleta mengine matano. Jiwe kwa kila tairi. Nilitaka nyumba inayotembea yenye dishi lisilotikisika, na sasa nina dishi lisilotikisika lenye nyumba iliyotiwa mawe.

Mwenye gari linalopita huku kesho asubuhi kwenda mjini, naomba lifti. Nina ndoo moja na mito miwili, kama baba mkwe ataiachia. Na tafadhali, ucheke leo umalize, njiani tuongelee bei ya dagaa.