Nywila Yangu Kwenye Televisheni ya Senge

Leo nimepatikana. Na sikupatikana pembeni, mahali ambapo mtu anaweza kukana. Nimepatikana kwenye televisheni, sebuleni, mbele ya akina mama walioshika vikombe vya chai.

Wanaonijua wanajua sikai mahali. Shule niliiacha mapema. Nimeuza miwa Fort Ternan, nimeosha malori, nimetengeneza redio za watu (nyingine zilipona). Sasa niko Sosiot kwa Senge, yaani shangazi yangu, dada ya baba. Katika ukoo wote ni yeye peke yake ambaye bado anasema mimi nina akili. Wengine wanasema mimi ni wa barabara.

Senge yuko kwenye kikundi cha akina mama wanaouza vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, vilivyopambwa kwa shanga. Wanauzia mtandaoni, na maagizo yanatoka hadi ng'ambo. Shida ni kwamba nywila ya ukurasa wao ilikuwa inakaa kichwani mwa mama mmoja tu. Mama huyo akabadilisha simu, na kichwa nacho kikabadilika. Kikundi kizima kikabaki nje ya duka lake lenyewe, kikichungulia dirishani. Walipofanikiwa kurudi ndani kwa taabu, Senge akasimama kwenye mkutano akasema, "Mtoto wa ndugu yangu atatupangia hiyo maneno."

Alisema mbele ya watu! Mimi! Nikifaulu, napewa kazi ya kutunza ukurasa. Nikishindwa, ni yeye atakayechekwa, kwa sababu ndiye aliyenitetea.

Basi nikaanza kutafuta. Na hapo ndipo nilipokutana na programu za kutunza nywila. Jamani! Mbona mlikuwa mnanificha? Ni kabati moja. Ndani unaweka nywila zako zote, kila moja ndefu na ya ajabu kama mtu amekanyaga kibodi, na wewe unakumbuka moja tu, ile kuu ya kufungulia kabati. Nilifurahi hadi nikashindwa kula. (Kwa muda mfupi. Kulikuwa na kimyet, ugali wetu, na mboga.)

Sasa kuchagua ndiyo kazi. Nimesoma juu ya programu hizi wiki yote nikiwa katikati ya majani chai, maana kwa Senge hakuna kula bure, ni lazima uchume. Mkono mmoja unachuma, mwingine unasoma. Programu ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini ukiongeza kifaa cha pili inakunja uso, inataka ulipe. Nikaifuta. Nyingine ilikuwa inakaa ndani ya simu moja tu. Simu ikitumbukia chooni, kabati nalo limetumbukia. Nikaifuta. Kuna moja ilijisifu sana kuhusu usalama, lakini haikusema popote ni nani mwingine amewahi kuikagua. Kwani mimi nikijisifu mnaniamini? Nikaifuta.

Halafu nikaipata yenyewe! Inaingia kwenye simu, kwenye tableti ya kikundi na kwenye kompyuta yao mzee. Inafunga siri zako ndani ya kifaa chako kabla ya kuzituma popote, kwa hiyo hata walioitengeneza hawawezi kuziona. Watu wa nje wameikagua na ripoti iko wazi, nimeisoma (nusu). Ina ulinzi wa hatua mbili. Na siku ukichoka nayo, unafungasha nywila zako zote unahama. Hiyo ilinigusa moyo. Mimi ni mtu wa kuhama.

Nikaingiza kila kitu. Nywila za kikundi, halafu zangu zote: barua pepe, mitandao, hata michezo. Kwa nywila kuu nikafuata ushauri wa wataalamu: tunga sentensi ndefu, ya kuchekesha, ambayo mtu mwingine hawezi kuibahatisha na wewe huwezi kuisahau. Nikatunga. Sikuwahi kuhitaji kuiandika tena, kwa sababu kabati lilikuwa linafunguka kwa alama ya kidole. Gusa, limefunguka. Raha!

Leo ikawa siku ya kuonyesha. Akina mama wakafika kwa Senge kabla ya mvua. Senge alikuwa ametandika vitambaa vipya kwenye makochi. Nikaunganisha simu yangu na televisheni ili wote waone vizuri. Programu ikakataa, ikaonyesha weusi mtupu. Ilikuwa imezuia skrini yake isionekane kwingine, kwa usalama. Nikaingia kwenye mipangilio nikazima hicho kizuizi. (Mimi si ndiye mtaalamu?)

"Akina mama," nikasema, "simu hii inanijua mimi peke yangu. Tazameni."

Nikagusa.

Haijatambuliwa. Jaribu tena.

Nikagusa tena. Haijatambuliwa. Nikapangusa kidole kwenye suruali, nikagusa kwa heshima. Haijatambuliwa.

Hapo ndipo nilipoitazama mikono yangu. Nyeusi! Wale wanaochuma wanajua utomvu wa chai unavyoshika. Vidole vyangu vilikuwa kama nimepaka lami, na ncha zimekwaruzika kama ganda la mti. Jana bado vilikuwa vinapita kwa shida. Leo simu imekata kauli.

"Imekukana mara tatu," akasema Mama Awuor, katibu wa kikundi, ambaye ulimi wake haujui kupumzika. "Sasa tungoje jogoo awike."

Wakacheka. Senge hakucheka. Akakimbia jikoni akarudi na ndimu. "Sugua, kijana. Sugua haraka." Nikasugua. Simu ikaniona kama mgeni mwenye harufu nzuri.

"Labda ijaribu kidole cha mguu," Mama Awuor akaongeza.

"Wacheni mtoto afanye kazi," akasema Mama Cherotich, mwenyekiti, lakini nilimwona akichungulia saa.

Nikamtazama Senge. Alikuwa amekalia ukingo wa kochi, mikono imeshika leso, na uso wake unasema: usiniangushe. Nikakumbuka kuna njia ya pili.

"Hakuna shida! Kidole kikikataa, unaandika nywila kuu. Ndiyo maana nimechagua hii!"

Nikaanza kuandika. Vidole vina ndimu, vinateleza. Nikakosea. Nikarudia, nikakosea tena. Kwenye kisanduku kulikuwa na vitone tu, na sikuweza kujua nimekosea wapi.

"Si hapo kando kuna alama ya jicho?" akauliza Mama Cherotich. "Kwangu nikiibonyeza naona ninachoandika."

Wazo zuri! Nikabonyeza jicho. Nikainama juu ya simu, mgongo wangu ukiwa kwa televisheni, nikaandika polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayetoa mwiba.

Nyuma yangu nikasikia akina mama wanasoma. Mwanzoni nilidhani wanasali.

"Senge..." wakasema pamoja, kama darasa la chekechea. "Akikoroma..."

Mimi bado naandika! Nilikuwa nimezama, nilikuwa karibu kufika!

"Sosiot... ngombe... huamka..."

Nikamalizia neno la mwisho. Mama Awuor akalisoma peke yake, kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi:

"BOITO!"

Nikageuka. Pale kwenye televisheni, kwa herufi kubwa kuliko za kalenda ya ukutani:

senge akikoroma sosiot ngombe huamka boito

Yawa! Mama Awuor alimwaga chai. Mama mmoja aliteremka kwenye kochi akakaa sakafuni kabisa. Mwenyekiti, mtu wa heshima, alijifunika uso kwa mkoba, na mkoba ukawa unatetemeka.

"Na Boito ni mbali!" akalia mtu. "Ni Konoin huko!"

"Mimi ng'ombe wangu wako hapa karibu," akasema mwingine. "Kumbe ndiyo maana maziwa yamepungua!"

Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ya Senge ni ya saruji nzuri. Nikamwangalia kwa jicho moja. Hakucheka, hakukasirika. Alikuwa anatazama televisheni kama mtu anayesoma tangazo la serikali.

"Imefunguka?" akauliza.

"Imefunguka, Senge."

"Basi endelea."

Nikaendelea, sauti yangu ikiwa nyembamba kama uzi: nywila kuu usimwambie mtu, hata wa nyumbani, na ikionwa ibadilishwe. Na jamani, ilifanya kazi! Mama Cherotich alichukua tableti niliyokuwa nimeiandaa mapema, akagusa mara moja, ukurasa wa vibuyu huo ukafunguka bila mtu kuulizana nywila. Nikabadilisha nywila ya ukurasa kwenye simu yangu, nikaweka moja ndefu ambayo hata mimi siwezi kuitamka, na tableti ikaijua papo hapo. Wakapiga makofi! Ya kweli! Mama Awuor akauliza kama anaweza kuweka pia ya mambo ya shule ya watoto. Mwenyekiti akasema, "Tunachukua hii, na ukurasa tunampa huyu kijana." Nilikaribia kuruka. Nikamwona Senge akitabasamu, akageuka kumwangalia kila mmoja wao, taratibu, kuhakikisha wamesikia.

Halafu akasema, "Ulituambia password ikionwa na watu ni lazima ibadilishwe?"

"Ndiyo, Senge."

"Hii imeonwa?"

"Imeonwa." (Imesomwa kwa pamoja kama zaburi.)

"Lete simu. Toka nje."

Nikatoka. Nikasimama chini ya ukingo wa paa, mvua ikinipiga miguu, ndama wakinikodolea macho. Ndani nasikia mtu anasema, "Aii, weka na namba!" Kisha kicheko. Kisha Senge, dirishani: "Inasema niandike mara ya pili, hiyo ni kawaida?"

"Ni kawaida, Senge."

Kicheko tena. Niliporudi, simu ilikuwa mezani, kabati limefungwa.

"Nimebadilisha," akasema.

"Asante. Ni gani?"

"Kijana! Si umetufundisha saa hii kwamba mtu asimwambie mtu, hata wa nyumbani? Na hao wenye kuitengeneza, wanaweza kukufungulia?"

"Hawawezi."

"Hapo umechagua vizuri sana," akasema, na akanimiminia chai.

Nimejaribu kidole tena. Programu inasema kwa kuwa nywila kuu imebadilika, kidole hakikubaliwi mpaka niandike hiyo mpya kwanza. Ni salama kweli kweli. Naisifu kwa moyo wangu wote. Ndani yake kuna barua pepe yangu, kazi yangu mpya, na kila akaunti niliyowahi kufungua duniani. Humu mtandaoni ninamoandikia nimo tu kwa sababu sikuwa nimetoka, na nikitolewa sina nywila ya kurudi, kwa hiyo naomba mtu yeyote asiniripoti. Chekeni, lakini msiniripoti.

Nimemuuliza Senge kwa adabu kama kesho anaweza kunifungulia barua pepe, dakika mbili tu. Amesema hakuna shida, nimfuate shambani asubuhi, nije na kikapu.