Programu Iliyojishtaki Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mfumo wa maktaba ya shule umeanguka tena. Mwalimu wa kompyuta ametangaza: atakayegundua chanzo atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Ufunguo! Feni, kiti kizima, na hakuna wa kuniuliza mbona nimenyamaza. Sijawahi kutaka kitu hivi. Kipaza, wa darasani kwetu, akabwata kwamba dawa ya kompyuta ni kuizima na kuiwasha. Darasa zima likacheka naye. Nilikuwa na jibu kali. Nimelimeza.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Kumbe kompyuta huandika kila inachofanya: nani kaingia, nini kimeshindikana. Maandishi hayo ni logi. Na kuna programu huria, za bure kabisa! Moja hukusanya logi, nyingine huzichambua, ya tatu hukaa macho na kumtumia mtu ujumbe ikiona hitilafu. Yaani programu inasema, mimi nanyamaza. Raha iliyoje!

Nimewaeleza nyumbani wakati wa chakula. Dada akauliza kama ipo ya kuosha vyombo. Mama akajibu ipo, imekaa hapo inaongea na chakula kinapoa.

Mkutubi kaniruhusu kuziweka kwenye kompyuta ya maktaba. Ujumbe utaenda kwa simu ya mwalimu. Nimeziagiza zisome logi zote za kompyuta ile. Zote! Ubahili si tabia yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Logi zinaonyesha kompyuta hukatika umeme kila mapumziko, kisha huwaka upya. Nimejibanza nyuma ya rafu ya kamusi. Kengele ikalia. Mkutubi akachomoa plagi ya kompyuta, akachomeka birika. Soketi ni moja tu.

Akaniona. “Mwanangu, mbona umejificha? Njoo unywe chai.” Akanitilia sukari bila kuuliza. Sasa nitamshtakije mtu huyu? Nimekunywa. Programu itamwambia mwalimu, tena kwa lugha ya kitaalamu. Mimi sitakuwa na dhambi.

Alhamisi, 6 Machi

Maafa.

Mapumziko, birika, hitilafu. Programu ikamwonya mwalimu, barabara. Kisha ikaandika kwenye logi yake kwamba imeonya kuhusu hitilafu. Kisha ikasoma logi yake (nilisema zote!), ikaona neno hitilafu, ikaonya tena. Ikaandika tena. Ikasoma tena. Mwalimu alikuwa kikaoni. Inasemekana mwalimu mkuu alinyamaza kila simu ilipolia, na hatimaye hakuongea kabisa. Ule ujumbe wa kwanza, wenye ukweli, umezikwa chini ya mamia.

Diski ikajaa. Mfumo ukaganda. Kipaza akaingia akipiga mluzi, akazima, akawasha. Simu ikatulia. Makofi! Kapewa ufunguo.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu kanisimamisha darasani. Akasema kwa upole kwamba kama najua chanzo, niseme neno moja tu, ufunguo utahamia kwangu. Neno lilikuwa hapa, kooni. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Kipaza akaniuliza baadaye, “Vipi, hata huko umetuma programu?”

Jumatatu, 10 Machi

Wikendi nzima nimetafakari na nimeelewa kosa langu. Programu yangu haikuwa na msimamizi! Nimepata nyingine, huria pia, ya kuichunga ile ya kwanza. Na ikizidiwa, ipo ya kuichunga hiyo. Mwalimu atapata ripoti yenye grafu. Ufunguo utarudi wenyewe.

Leo mapumziko nilikuwa maktaba naiweka. Mkutubi akaniuliza, mwanangu, hivi mmeshajua kinachoiangusha hii kompyuta? Nikamwambia uchunguzi unaendelea. Akanipa pole kwa kazi. Mikono yake ilikuwa imejaa, birika huku, vikombe kule, akaomba nimchomolee ile plagi.

Nikamchomolea.