Siku Nilizokuwa Nzi

Jumatatu, 3 Juni

Lango limefungwa! Jumamosi hii nilikuwa nipande basi nikamwone binti yangu. Ana wiki tano duniani na bado hajui baba yake anafananaje. Badala yake nina mnyororo, kufuli, na mlinzi aliyesimama kama amemwagiwa zege miguuni.

Tumbo la kuendesha limeingia kambi yetu ya wajenzi. Nesi, dada mwembamba mwenye sauti ya kengele, alipanda juu ya rundo la matofali akatangaza kuwa hatoki mtu mpaka ipite wiki nzima bila mgonjwa mpya. Nikauliza kama baba wa mtoto mchanga naye ni mtu. Akajibu kuwa huyo ndiye wa kwanza kufungiwa, maana tumbo linalomlaza mbeba zege siku tatu linaweza kumuua mtoto mchanga kwa siku moja. Jibu lake sikulipenda.

Halafu akasema anatafuta waigizaji. Mchezo wa kufundisha kunawa mikono na kufunika chakula. Mabango alishabandika, nasi tukayabandua tukakalia. Nyapara akauliza kama mchezo unajenga ukuta. Nesi akamwuliza kama watu walio chooni wanajenga ukuta. Nyapara akakubali. Waigizaji wataruhusiwa kutoka kazini saa tisa, na wakibaki wazima Nesi atawavusha na mchezo wao hadi kambi ya ng'ambo ya daraja.

Ng'ambo ya daraja! Kituo cha basi kiko huko huko. Mkono wangu ulikuwa juu kabla akili haijamaliza kufikiri.

Mpango ni huu. Niwe Daktari wa mchezo. Daktari ana mkoba, na mkoba wa daktari haupekuliwi na mlinzi. Ndani nitatia nguo zangu na kofia ya sufu ya mtoto. Mchezo ukiisha, Daktari hayupo. Nimecheka peke yangu mpaka Fundi Bomba, ninayelala naye chumba kimoja, akaniuliza kama na mimi limeshanianza.

Jumanne, 4 Juni

Mimi ni Nzi.

Daktari ni Fundi Bomba! Mtu asiyewahi kutaka sifa yoyote, amekuja kusikiliza tu, Nesi kamwangalia mikono akasema huyu ndiye. Kwa sababu ana kucha safi! Kila mtu angekuwa na kucha safi kama angeshinda na maji ya bomba siku nzima. Mimi nashinda na toroli.

Mtoto Mgonjwa ni Jitu, mfunga nondo, ambaye miguu yake hulala nje ya kitanda. Amefungwa kitambaa kifuani na anajua kulia kuliko mtoto halisi. Nikamwambia Nesi kuwa mimi nina sura ya daktari. Akanitazama mara mbili, akasema kwa upole kuwa kila mchezo unahitaji nzi, na nzi ndiye mwenye kazi kubwa. Kazi kubwa! Nimekimbia mbio za kuzunguka bwalo nikipiga mikono, mgongo umeniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mabawa ni ya mifuko ya saruji. Macho ni miwani ya kuchomelea. Siwaoni watu, nagonga meza.

Nzi hana mkoba.

Jumatano, 5 Juni

Nimemnong'oneza Nesi kuwa Fundi Bomba anaogopa damu. Kasema mchezo hauna damu, una kuhara tu.

Nikaficha koti jeupe la Fundi Bomba chini ya godoro langu. Kalipata mara moja. Alisema aliifuata harufu ya soksi zangu. Hakukasirika, kalifua mara mbili, kalianika, kisha kanifulia na soksi. Mtu wa namna hii unamwezaje?

Nesi anataka Nzi awe na wimbo. Mrefu kiasi cha mtu kunawa mikono vizuri, ili watu wauimbe bombani. Mimi nyimbo sina, isipokuwa ule niliokuwa namtungia binti yangu nikisukuma toroli:

Lala kidogo, baba yuko njiani,
ana vumbi miguuni, ana wimbo mdomoni.

Sikutaka kuutoa. Lakini wamenikodolea macho wote, nikaugeuza papo hapo:

Nipishe kidogo, nzi yuko njiani,
ana mavi miguuni, ana njaa mdomoni.

Jitu kacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Nesi kasema mimi ni msanii. Nikamwuliza kama msanii anaweza kupewa mkoba. Hapana.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango mpya. Mgonjwa mahututi hupelekwa hospitali ya mjini, na mjini kuna mabasi. Kwa hiyo leo asubuhi nikalishika tumbo mbele ya watu, nikalia kwa sauti niliyojifunza kwa Jitu.

Nesi kanitazama ulimi. Kanifinya ngozi ya mkono. Kaniuliza mara ngapi tangu alfajiri, nikasema mara kumi na nne. Kasema mtu aliyekwenda mara kumi na nne hawezi kusimama wima na kuulizia ratiba ya magari. Kanipa jagi la maji ya chumvi na sukari, kasimama kichwani mpaka nikalimaliza, kanifungia chumba cha wagonjwa.

Haya hayaniumi. Kinachoniuma ni hiki: kaniandika mgonjwa mpya! Nikamwambia basi, nimepona, ufute. Kajibu kuwa kanuni yake haimwulizi mtu kama anaongopa. Tulikuwa na siku nne safi. Zimekwenda. Wiki inaanza upya.

Yaani nimejiongezea kufuli kwa mkono wangu mwenyewe. Nje ya dirisha nawasikia wenzangu wakinitaja, wala si kwa wema. Mmoja anauliza kwa nini nzi tunamlisha.

Na kambi ya ng'ambo, waliposikia tuna mgonjwa mpya, wameukataa mchezo wetu. Kwa hiyo hata daraja silivuki.

Jumamosi, 8 Juni

Jitu ameugua kweli.

Jana nilipochukuliwa niliacha sahani yangu ya maharage dirishani, wazi. Ilikaa pale mchana kutwa. Jitu alitoka kazini, akaona ni dhambi kutupa chakula, akamaliza. Leo mtu yule mzima ambaye hubeba nondo tano begani amebebwa na watu wanne. Uso wake umekuwa wa rangi ya saruji. Hakulia hata kidogo. Nilipenda zaidi alipokuwa akilia.

Gari la hospitali limemchukua nami nikiangalia, maana Nesi kanifungulia alfajiri baada ya kuona sina ugonjwa. Kabla ya mlango kufungwa kaniita, kasema Nzi, usiwaangushe. Nikapiga mikono kama mabawa, sikujua la kufanya.

Sisemi ni kosa langu. Dirisha ni la kambi. Lakini leo sikula.

Jumapili, 9 Juni

Mchezo!

Asubuhi tulikuwa hatuna Mtoto. Nesi akasema basi, tuahirishe. Hapo Nyapara, yule yule wa ukuta, akasimama, akavua kofia yake ngumu, akasema mfunga nondo wake yuko hospitali na yeye hatakaa tu. Kafungwa kitambaa kifuani! Na kilio anakijua. Nadhani amekihifadhi miaka mingi.

Tulicheza bwaloni saa ya chakula cha mchana, kila mtu na sahani yake mbele. Nesi alitaka Nzi achovye mikono kwenye unga wa ngano, aguse mkate wa Mtoto, watu waone alama nyeupe. Aguse mkate wa Mtoto, basi. Mengine hakuniagiza.

Lakini nilikuwa sijala tangu juzi. Nami nimevaa mabawa, mdomo unaimba, na mbele yangu kuna sahani za watu mia. Nikafikiri, nani atamgombeza nzi? Nikashuka jukwaani. Nikavuta kinofu hapa, kipande cha mkate pale. Huyu nikamwonja mchuzi kwa kidole, yule nikamwibia nyama nzima. Watu wakacheka, wakanipiga na kofia. Nilikula kama mtu aliye kwao. Meza hadi meza, na wimbo wangu.

Kisha Mtoto akaugua, akalia, akaanguka chali. Fundi Bomba akaingia na koti lake jeupe. Alitakiwa kuuliza Mtoto amekula nini. Badala yake kasimama, kaangalia bwalo, kasema taratibu, jamani, tazameni sahani zenu.

Wakatazama.

Nyeupe! Kila mahali. Vidole vyangu kwenye mikate, kwenye ukingo wa vikombe, kwenye vijiko, kwenye shavu la mlinzi wa lango. Mtu mmoja kauliza kwa sauti nyembamba, hivi huyu alikuwa ametua wapi kabla ya kuja kwangu? Benchi zikasukumwa. Bwalo zima likatoka kwenda bombani, Nyapara mbele na kitambaa chake.

Nesi kanishika bega, macho yana maji, kaniuliza kama nililipanga lile. Nikamwambia tangu mwanzo.

Jumanne, 11 Juni

Maisha yameharibika. Kila ninapopita watu wanafunika sahani. Kwa vifuniko, kwa kofia, mmoja kwa gazeti na kiwiko juu yake. Nikisogea kuomba kipande, bwalo zima linapiga kelele, nzi! Miaka mitatu nimeishi kambini hapa kwa kuonja vya wenzangu, sasa ninakula changu tu kama yatima.

Fundi Bomba amefunga mabomba manne mapya mbele ya bwalo, na sabuni zimening'inizwa kwa kamba. Foleni asubuhi, foleni mchana. Wote wanaimba wimbo wangu, na hawaruhusiani kuondoka kabla ubeti haujaisha. Leo mlinzi karuka mstari mmoja, karudishwa.

Nesi kasema tangu Jumapili hakuna mgonjwa mpya. Nimemwomba anipe Udaktari sasa. Kasema Nzi kama mimi hapatikani.

Ijumaa, 14 Juni

Jitu amerudi! Amekonda, anaonekana kama nondo zake. Ananipa mkono, kisha anaenda kuunawa. Hata wewe, ndugu yangu?

Nimempigia mke wangu. Kwa nyuma watu walikuwa bombani wakiimba, kaniuliza hao ni akina nani. Nikamwambia ni wimbo wa binti yetu, nimewaazima kidogo. Kasema mtoto alikuwa analia, na sasa ametulia anaisikiliza simu. Nikawafanyia watu ishara waongeze sauti. Waliimba beti sita, mikono yao imesafika mpaka imekunjamana.

Jumatatu, 17 Juni

Wiki nzima bila mgonjwa! Mlinzi katoa kufuli kwa mkono wake mwenyewe, mkono unanukia sabuni. Nyapara amenipa siku saba. Fundi Bomba kanipa mkoba wa Daktari niende nao. Nimeufungua njiani kuona kama kuna cha kula. Sabuni mbili.

Jumatano, 19 Juni

Nyumbani. Mama mkwe alinisimamisha mlangoni na beseni. Nikamweleza kwa heshima kuwa mimi ndiye niliyeifundisha kambi nzima kunawa, kwa hiyo sihitaji. Kasema ninawe. Nikanawa.

Halafu wakanipa binti yangu. Mwepesi kama kofia. Nikaanza, lala kidogo, baba yuko njiani. Akalia. Nikajaribu wa nzi, na mlio wa mabawa. Kimya! Akanitazama kwa macho makubwa kama ya miwani ya kuchomelea. Mama mkwe kaniuliza kama nimetoka mbali kote huko kuja kumwimbia mjukuu wake habari za mavi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Siku saba hazitoshi. Mbili zimekwenda kwenye basi, mbili zitakwenda tena. Ila nimepata mpango, na huu hauna tundu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimempigia Nyapara. Nikalishika tumbo ingawa hanioni. Nikasema linaniendesha, mara kumi na nne. Kashtuka, kasema nisithubutu kukanyaga kambi mpaka nimalize wiki nzima ya uzima. Wiki nzima ya nyongeza! Nikakata simu nikacheza.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya mlango.

Ninaandika haya nikiwa stoo, juu ya gunia, na jagi la maji ya chumvi na sukari. Nimemwambia nilikuwa natania. Kajibu kuwa kwenye tumbo la kuendesha yeye haulizi mtu kama anatania. Huyu na Nesi wamekutana wapi? Simgusi mtoto mpaka ipite wiki nzima.

Jioni hii mke wangu kamleta dirishani. Nikapiga mabawa nyuma ya kioo, nikaimba. Binti yangu kacheka! Cheko lake la kwanza, fizi tupu. Mke wangu naye, akijifuta machozi, kasema anajua vizuri tumbo langu ni zima, kesho asubuhi ataongea na mama yake polepole, yataisha.

Nimemwambia asijisumbue. Nina mpango.