Kitambaa cha Mama Kilivyonaswa na Tupa Yangu

Leo nimeaibika, tena mbele ya watu waliokuja kuona kama familia yetu ina akili.

Wazazi wa mchumba wa dada yangu Wambui walikuwa wanatoka Thika kuja kwetu hapa Kimbo, mara yao ya kwanza. Mama akatandika sofa zote vile vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono. Akaniambia, "Wewe kaa. Usiguse kitu. Wakija, salimia kila mtu kwa mkono, halafu nyamaza."

Nikakaa. Lakini nilikuwa na kibao changu cha saketi, cha taa ya kujiwasha stima ikipotea. (Na stima ya huku mnaijua ikiona wageni.) Matundu nilitoboa mwenyewe, na miguu ya swichi ikakataa kuingia. Sasa, tundu dogo hivyo halitaki nguvu. Unaingiza tupa nyembamba ya mviringo kulipanua, unaizungusha kwa vidole polepole, ukiomba ile pete ya shaba iliyozunguka tundu isibanduke. Na chini panatakiwa pawe laini, ncha ipate pa kutokea.

Nikaona mkono wa sofa. Laini kabisa! (Sekondari nilimaliza, msidhani.)

Nikazungusha. Nikazungusha. Shaba haikubanduka, nikajipongeza. Kuvuta tupa, haitoki! Meno yake yameukamata uzi wa kitambaa na kuukaza ndani ya tundu. Jasho. Nikavuta kwa nguvu, nikasikia uzi umekatika mahali.

"Hodi!"

Ngai! Nikasukuma kibao, tupa na uzi wake mfukoni. Wageni wakaingia, wakaketi. Mama akanikata jicho: "Kamau, si usalimie watu?"

Nikaanza kuzunguka. Baba ya kijana, mkono. Shangazi yake waliyekuja naye, mkono. "Karibuni sana, jisikieni nyumbani." Wambui ananikodolea macho akitikisa kichwa. Nikadhani ni wasiwasi wa bibi harusi. Nikampa tabasamu la kumtuliza.

Nikamfikia mama ya kijana. Akataka kusimama anisalimie vizuri. Mguu ukagoma. Akaangalia chini. Sote tukaangalia chini. Uzi mweupe umetoka mfukoni mwangu, umepita miguu ya wageni wote, hadi kwenye sofa, ambako nusu ya kitambaa imefumuka.

Mama amefunga macho. (Alikuwa anaomba, ama anahesabu watoto wake upya.)

"Haiya, mama Wambui!" mgeni akasema. "Mbuzi wa mahari hatujaleta, na sisi ndio mmeshatufunga kamba?"

Mzee wake alicheka mpaka akatoa leso. Mama naye akashindwa, akacheka, huku akinionyesha mlango wa chumba kwa kidole.

Ndiko niko sasa. Nawasikia hao mama wawili wakikunja uzi pamoja, wakinicheka kama marafiki wa zamani. Wambui naona ataolewa. Nyinyi badala ya kucheka, niombeeni mimi nipate chakula.