Jinsi Fundi wa Mapazia Alivyokitwaa Kiti cha Dirishani

Sogeeni, enyi mliosafiri miaka yote mkiwa wima, mkono mmoja juu na mkoba kwapani! Sikieni habari za fundi wa mapazia, mwanamke wa goti bovu na subira ya chuma, ambaye tangu aolewe hajapata kukalia kiti cha treni ya kitongojini.

Hapo kale reli hiyo ilibeba mawe ya machimboni. Zikaja zama za kubeba watu, wakapakiwa katika mabehewa yaleyale, kwa adabu ileile. Yakafuata mabenchi, ikafuata injini ya dizeli; na katika zama zote treni ilifika kituoni kwa fundi ikiwa imeshajaa. Jiwe moja, lililoanguka siku ya kwanza, lilibaki jukwaani. Kila mkuu wa kituo aliapa kuliondoa.

Ikapambazuka siku ya treni ya umeme, ambayo ingeanza safari hapohapo ikiwa tupu. Majeshi ya abiria yalijipanga kama walivyojipanga baba zao, kila kikosi kwenye sakafu iliyolika, pale mlango wa treni kuukuu ulipozoea kusimama. Mbele kabisa alikuwepo wifi yake fundi, karani wa mahakama, mwenye viwiko visivyokatiwa rufaa. Fundi alisimama mkiani hadi goti likagoma. Akatoka mstarini, akaketi juu ya jiwe.

"Wifi, umesalimu amri mapema hivyo?" karani akanguruma. "Leo tena utaning'inia kama mapazia yako!"

"Sukuma wewe, mama wa viwiko. Mimi goti langu halijui vita."

Treni ikaingia kimya, ikasimama. Mbele ya vikosi vyote, ukuta mtupu wa bati! Milango ya treni mpya ilikuwa kwingine, na mmoja wao ukafunguka mbele ya jiwe.

Fundi akainuka, akamtaja marehemu mama yake, akavuka kizingiti. Akakitwaa kiti cha dirishani, akauweka mkoba mapajani mithili ya ngao. Majeshi yakamwagika nyuma yake. Wifi akaambulia chuma cha kushikilia.

Ndipo taa zikazimika. Umeme ulikuwa umekatika, na treni haikusogea hata unyayo.

"Haya, shujaa, umekaa," wifi akasema, akining'inia juu ya kichwa cha fundi. "Sasa tunakwenda wapi?"

"Nyinyi sijui, wifi yangu," akajibu, akilinyoosha goti. "Mimi nimeshafika."

Basi na iandikwe katika historia ya reli hiyo, baada ya mawe na dizeli: siku hiyo goti lilipata kiti.